Benchi la Mama Pascaline

Fundi Lwamba wa Kasongo hapiti barabarani kama watu wengine. Wewe unaona kiti cha pikipiki kilichochanika, yeye anaona kiti cha sebuleni. Kimeza cha kuuzia mafuta ya chupa, kwake hicho ni rafu ya vitabu. Hata rimu ya baiskeli aliwahi kuining'iniza darini iwe taa. Watu wakacheka, kisha wakaja kuagiza.

Basi Mama Dorothée, mfanyabiashara wa dhahabu aliyehamia kutoka Bukavu, akamwambia, "Fundi, nataka meza ya sebule, yenye iko na barabara ndani yake. Lakini ya kweli, si ya kuigiza!"

Ya kweli! Hapo ndipo shetani alipomwonyesha benchi la Mama Pascaline, muuza vitumbua. Mama huyo alikuwa amekwenda Kabambare kwenye matanga ya dada yake, na benchi aliliacha pale kwenye kona ya soko limepinduliwa, miguu juu. Wauzaji wote wa soko lile wanajua maana yake: mwenyewe ana msiba, nafasi yake isiguswe. Lwamba naye alijua, asituletee maneno mengine. Lakini ubao ule, jamani! Makalio ya wateja yalikuwa yameusugua mpaka unang'aa, mafuta yamezama ndani, vanishi gani ingeweza kazi hiyo? Akajidanganya kwamba mama amekawia mno, hatarudi tena. Asubuhi moja ya mvua, watu wakiwa bado ndani, akalibeba.

Meza ikatoka nzuri ajabu. Mama Dorothée akapiga vigelegele, akamkaribisha soda, lakini Lwamba akaaga kabla ya kuimaliza. Maana kwenye kona ile, benchi la msiba likiwa halipo, Michel muuza uniti za simu alishasimamisha mwavuli wake. Michel hana kosa, aliona mahali patupu, na sokoni anayewahi ndiye mwenye nafasi. Tangu hapo Lwamba akawa anazungukia njia ya msikitini, asiione kona ile.

Mama Pascaline akarudi, bado yuko na kitambaa cheusi kichwani. Akaja moja kwa moja kwa Lwamba.

"Fundi, wezi wa siku hizi hawana haya, hata benchi ya matanga! Unitengenezee ingine, baba. Miye na wewe tutaelewana tu."

Lwamba angeweza kunyamaza. Angepigilia misumari yake, na asante angepewa. Lakini aibu ilimchoma mwili mzima.

"Mama, mwizi ni miye," akasema. "Iko meza sasa, kwa Mama Dorothée. Unisamehe. Nitakutengenezea ingine nzuri kuliko ile, leo leo, bure."

 Mama Pascaline hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Benchi utatengeneza, mwanangu, mikono uko nayo," akasema. "Na ile nafasi yenye inalisha watoto wangu, utaitengeneza na mbao gani?"