Menyu ya Juu

Mama alipofariki, mdogo wangu wa kike alichukua sufuria, mimi nikachukua tovuti. Huo ndio uliokuwa mgawanyo wa mirathi, na hakuna shehe aliyeombwa ushauri. Nyumba yetu iko Bagamoyo, upande wa njia ya Kaole, na kwa miaka mingi Mama alikuwa akiwapikia wageni barazani, hasa watu wa Dar wanaokuja Jumamosi kutazama magofu na kurudi wana njaa. Tovuti niliitengeneza mimi kwa sababu ndimi msomi wa familia, na kwetu msomi ni mtu anayeitwa televisheni ikigoma.

Ukurasa wa chakula uliitwa "Jiko la Bi Mkubwa". Baada ya arobaini mdogo wangu aliniomba niubadilishe jina, nikaandika "Chakula cha Pwani". Jina baridi, kama la semina. Lakini siku zile kila kitu nilikifanya hivyo, kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: naona koleo linaingia mdomoni, naitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Wageni waliendelea kumuulizia Mama. Nilidhani wameambiwa na wenzao.

Jumamosi moja ikaja familia, mzee mmoja mwenye kofia ya viua, mkewe na binti zao.

"Hodi! Tumekuja kwa Bi Mkubwa," mzee akasema kwa furaha, hata viatu hajavua.

"Karibuni, baba. Shikamoo. Bi Mkubwa ametangulia mbele ya haki," mdogo wangu akajibu.

Mzee hakuitikia hata shikamoo. Akasema inna lillahi, akaketi, akainua mikono, na sote tukamsomea fatiha marehemu ambaye yeye hakuwahi kumwona. Mkewe akatoa machozi. Mimi, mwanawe wa kumzaa, niliitikia amin huku nikiangalia kama maji ya kunawa yameletwa. Kisha pweza akaja na wali wa nazi, na watu wakala kimya, macho chini.

"Wali mtamu, mwanangu," yule mama akasema. "Pole sana."

Mdogo wangu akanifuata uani na sinia mkononi.

"Nimepika hitima tena."

"Wageni wana imani," nikasema.

"Kaka, nilikwambia uondoe jina lake kwenye menyu."

"Nimeliondoa. 'Pweza wa Bi Mkubwa' siku hizi ni 'Pweza wa Nazi'. Nilichapisha upya karatasi zote, nikazifunika na plastiki."

Alinitazama kama anayetafuta mahali pa kunishika.

"Menyu ya juu, kaka! Kule kwenye tovuti, wanakobonyeza! Nani alikwambia habari za karatasi? Na chuo kikuu wakakupa joho!"

Kumbe ukurasa una jina lake, na ule mstari wa maneno ulio juu una majina yake, yanayohifadhiwa mahali pengine. Nilikuwa nimebadilisha la kwanza tu. Kwa hiyo mtu anabonyeza "Jiko la Bi Mkubwa", anafika kwenye "Chakula cha Pwani", na anaamini Bi Mkubwa yuko jikoni anakuna nazi.

"Kupika sikatai," mdogo wangu akasema. "Lakini siwezi kumzika kila Jumamosi, halafu nigeuke niulize nani anataka pilipili. Ukishindwa sema, nifunge jiko."

Wageni walipoondoka nikafungua kompyuta pale pale barazani. Aliketi kando yangu, mikono inanuka kitunguu thomu. Nikalitafuta lile neno, nikalikuta, nikabonyeza. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika nataka kufuta. Nikasema ndiyo, nikaandika "Chakula cha Pwani" mahali pake. Nikangoja nihisi kitu. Nilichohisi ni kwamba chaji imebaki kidogo.

"Tayari," nikamwambia.

Akafungua simu yake.

"Kwangu bado yupo."

Nimesomea lugha, na sikio langu halina adabu: jina lipo, menyu ipo. Yupo ni mtu.

"Simu yako inakumbuka ile ya zamani," nikasema. "Vuta ukurasa kwa kidole, kuelekea chini. Italeta mpya."

Kidole chake kikasimama juu ya kioo.

"Wageni nao wanaona hivi?"

"Hapana. Labda aliyewahi kuufungua. Mgeni mpya anaona 'Chakula cha Pwani', juu na chini."

"Hakuna atakayekuja kumuulizia?"

"Kwa sababu ya tovuti, hakuna."

Akafikiri.

"Haya. Jumamosi napika," akasema, akazima simu bila kuuvuta ule ukurasa, akaitia mfukoni mwa dera.