Kinu Kilichonichagulia Fimbo ya Samaki

Hakuna kitu duniani kinaweza kunishangaza. Mi niliacha shule ya mapadri mwaka wa pili, nikaanza kuziba mipira ya baskeli karibu na kituo cha gari la moshi pale Kolwezi, na kabla miaka kumi haijaisha nilikuwa na kamio mbili, magari makubwa ya mizigo, za kuleta makala ya kupikia kutoka Mutshatsha. Wenye diploma waliniita patron, bwana mkubwa. Mtu kama huyo ashangazwe na nini?

Basi nilitaka kuoa binti mmoja wa mtaa wa Kapata. Mali ya ndoa niliitoa yote kwa siku moja, na baba yake, muzee aliyemaliza kazi ya migodi, akaona nimemtukana, kana kwamba binti yake ni kitu cha dukani.

"Hii yote umenunua," akasema. "Sasa lete kitunga ya samaki umeloba na mikono yako mwenyewe. Siku ya Mungu ikifika hauna, pakia mali yako ku kamio, rudi nayo."

Samaki! Kazi ya watoto. Nikaenda mjini, duka la Wazungu, nikachagua fimbo ya kulobea, ya kuvulia samaki, kama ninavyochagua kamio: ndefu, inayong'aa, yenye mashine ya kuzungusha uzi. Faranga mia nne themanini na tano. Muuzaji alisema ni ya samaki wakubwa wa Ulaya. Nikafurahi, kana kwamba samaki wa Ulaya wamepanga nyumba Nzilo.

Nzilo ni ziwa la baraji, ukuta uliojengwa kuzuia mto. Maji yalimeza pori lote, miti ikabaki imesimama ndani, mikavu, na samaki wanajificha mashinani mwake. Ukitupa uzi mbali, unaloba matawi. Mi niliyaloba mengi, kutwa nzima, mpaka ncha ya fimbo yangu ya kifalme ikakatika.

Zikabaki siku mbili Jumapili ifike. Nikarudi Kapata, maana fundi wa fimbo alijulikana: mama ya yule binti. Na desturi inajulikana vilevile: mama mukwe humtazami usoni, humsemeshi, humpi kitu mkononi. Fimbo zake zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Yeye alinipa mgongo, anatwanga muhogo. Nikashika mwanzi mrefu kuliko yote.

"We kinu," mama akakiambia kinu chake, "ona mutu anachagua muti ya kujengea nyumba."

Nikauacha, nikashika mnene.

"Kinu, ile iko ya kupigia mwizi."

Muzee mlangoni akakohoa, lakini hakuwa na kikohozi.

"Tata," nikamwambia, "uliza basi hicho kinu nichukue ipi."

"Kinu iko na masikio, patron."

"Kinu," mama akasema, "ile fupi ya mwisho. Ashike na vidole mbili. Ncha ikitetemeka yenyewe, iko muzuri. Ashushe ndoano karibu na muti, apandishe, ashushe, polepole. Asitupe kama mutu anafukuza kuku."

Bei yake faranga saba. Nikaziacha juu ya jiwe. Kesho yake, ndani ya mtumbwi, nikashusha, nikapandisha, nikashusha. Saa sita haijafika, kitunga kimejaa.

Siku ya Mungu nikaingia uwanjani kwao kama gavana. Na mi, mtu asiyeshangazwa na kitu, furaha ikanipitisha mbele ya muzee bila salamu, nikaweka kitunga mikononi mwa mama, nikamtazama machoni:

"Mama, fimbo yako iko na akili kupita duka yote ya Bazungu!"

Mama akaangusha kitunga, akajifunika uso na kitenge, akakimbilia nyuma ya nyumba. Samaki wakatapakaa mavumbini.

Muzee akaokota mmoja, akamgeuza, akamnusa. "Samaki ni ya mikono yake. Ndoa iko. Lakini macho yake italipa faini: mbuzi moja na kitenge moja, leo hii."

Nyuma ya nyumba sauti ikasikika: "Kinu, ambia ule mutu mbuzi ikuwe jike."

Hesabu ya kitunga kimoja cha samaki, kazi ya watoto: mbuzi jike, kitenge, fimbo ya kifalme na fimbo ya kinu, faranga mia tisa ishirini na saba.