Karatasi Ambayo Aziza Hakuisoma

Mwaka 1998, vita vilipokuwa vinakaribia mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, Aziza alikuwa na miaka kumi na tisa na mtoto mchanga mgongoni. Kila asubuhi redio ilisema: adui yuko kati yenu, mtazameni pua, mtazameni urefu. Vijana wenye marungu walipoingia uani wakiuliza yule muuguzi mrefu anaishi wapi, Aziza alinyoosha kidole. Muuguzi aliitwa Françoise, mzaliwa wa Kivu, na ndiye aliyemzalisha miezi miwili kabla. Walimpeleka upande wa mto. Hakurudi.

Aziza hajawahi kujitetea kwamba alikuwa mdogo. "Nilisikia kwa redio, nikaamini," husema. "Lakini kidole kilikuwa changu."

Baadaye alipata kazi ya kusoma habari katika redio ndogo ya mtaa wa Kasuku. Kwa miaka kumi na minne alisoma bei ya mihogo, matanga, ubovu wa barabara ya Kailo.

Mwaka 2025 wakawasili wakimbizi wa vita vya Kivu, miguu imevimba, wakalala madarasani. Wiki ya pili mkurugenzi wake, Nestor, alimwekea karatasi mezani. Ilisema wakimbizi wameficha nyoka kati yao, kila raia achunguze sura zao.

"Nani ameandika hii?"

"Imetoka juu. Soma tu, mama."

"Sisomi."

"Hii njo kazi yako!"

"Kazi yangu njo habari. Humu iko kifo."

Taa nyekundu ya kuanza matangazo ikawaka. Aziza akaisukuma karatasi pembeni, akasogelea mikro. Alimtaja Françoise kwa jina, akaeleza alivyomwonyesha kwa wauaji, na kwamba ni redio iliyomfundisha kufanya hivyo. "Leo wameniletea maneno yale yale. Siyasomi. Na wewe jirani, ukiyasikia kwingine, yakatae."

Nestor alimfukuza kabla ya adhuhuri. Simu za matusi zikamiminika. Hakuzima simu, alijibu kila moja akijitaja kwa jina lake kamili.

Siku tatu baadaye Odette, mkimbizi kutoka Walikale, alimfuata nyumbani: binti yake alikuwa amepotea njiani. Aziza akaazima kipaza sauti cha parokia, wakaingia sokoni pamoja, akaanza kutangaza jina la mtoto, umri wake, rangi ya gauni lake.

Polisi akawasimamisha. "Ruhusa iko wapi?"

"Sina. Andika: Aziza, binti Kasimu. Nitakuwa hapa kesho pia."

Akakiinua kipaza sauti, akaendelea kuita.