Moshi wa Lyulilo Uliodhaniwa Kungu

Walisema, mwanangu, kwamba mikono iliyozoea tope la mpunga wa Ndandalo haitashika kitu kingine ila jembe. Walisema hivyo baada ya ibada, walisema kwenye pombe, na wengine walinisemea usoni, maana hawakuona haja ya kunong'ona. Mimi kugusa injini ya ndege? Labda ikiniangukia kichwani. Leo stashahada yangu ya ufundi wa ndege imetundikwa sebuleni ndani ya kioo, na wale wasemaji waliobaki hai huja kuniomba niwatazamie baiskeli zao. Kizuri chajiuza, nami hukisaidia kidogo kujiuza.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote si ile niliyopewa stashahada. Nakumbuka siku moja ya soko pale Lyulilo, ufukweni mwa ziwa karibu na Matema, enzi za Mwingereza, nilipokuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi na maneno mengi mdomoni.

Nilikuwa nimerudi kutoka vitani. Huko jeshini sikupewa bunduki kwa muda mrefu. Nilipelekwa kwenye uwanja wa ndege wa kaskazini kuviringisha mapipa ya petroli na kuwashikia mafundi ngazi. Anayeshika ngazi ana masikio. Nilijifunza mlio wa injini nzima na mlio wa injini inayokufa, nikarudi nyumbani na elimu ambayo hakuna aliyeniomba niieleze, nami nikaieleza kila siku.

Na sababu za kuieleza hazikukosekana. Kwetu ndege zilianguka kuliko vijana wa leo mnavyojua. Ziwa na milima vimekaa karibu mno, na mawingu ya masika huziba nafasi iliyobaki kati yao. Wakati wa vita ndege ya jeshi iligonga mlima juu ya Matema, ikakutwa na wawindaji, mabawa yamechanika kama majani ya mgomba yaliyopigwa na mvua ya mawe. Baadaye ndege ndogo ya raia ilitua juu ya mpunga wa Mwaya, rubani akidhani ameona uwanja wa majani. Ikapinduka chali. Rubani alitoka mzima, tope mpaka masikioni, na watu aliowaharibia shamba wakamlisha ndizi na maziwa mgando. Niliporudi kutoka vitani, zote mbili nilikwenda kuzitazama kwa miguu yangu, nikarudi nikazisimulia mpaka watu wakaniita Bwana Eropleni. Walidhani wananitukana. Mimi nilifurahi.

Basi siku hiyo ya soko mitumbwi ilikuwa inaingia kutoka Ikombe, imejaa vyungu vya wanawake wa Kikisi, kila chungu kimefungwa nyasi kavu kisigongane na mwenzake. Watu wa Kyela walikuwa wameleta mchele na ndizi. Nilisimama karibu na maji nikiongea, kama kawaida yangu, ndipo nikasikia injini nyuma ya rasi. Ilikohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikanyamaza. Hakuna mwingine aliyesikia, maana soko ni soko na mawimbi ni mawimbi.

Punde si punde nguzo nyeusi ikainuka juu ya ziwa, na soko zima likachangamka.

Asiyelijua ziwa letu aelewe jambo moja. Kungu ni vijidudu vidogo kuliko mbu, vinavyotoka majini kwa wingi usiohesabika na kupanda angani kama nguzo ya moshi. Kwetu ni kitoweo. Upepo ukivisukuma pwani, watu huvinasa kwa vikapu vilivyoloweshwa maji, wakavifinyanga kama mikate, wakavikausha. Kwa hiyo mtu wa Matema akiona kitu cheusi kimesimama juu ya maji haulizi ni nini. Anauliza kikapu kiko wapi. Kweli, wanawake walikwisha kuanza kulowesha vikapu, na watoto wanaruka.

"Ule si kungu," nikasema. "Ni moshi. Eropleni imeanguka."

Mwaisumo, mvuvi wa pale aliyekuwa akishona wavu wake, hakuinua hata kichwa. "Bwana Eropleni, hata shangazi yako akisonga ugali, moshi wake kwako ni wa eropleni."

Watu wakacheka.

"Nimesikia injini ikikohoa, kisha ikanyamaza."

"Mimi nimesikia tumbo langu likikohoa, na mpaka sasa halijanyamaza. Jamani, nipeni kikapu."

Mwanangu, damu ilinipanda. Nilichukua kijiti nikachora mchangani. Nikawaonyesha kwamba nguzo ya kungu ina shina jembamba na huyumba kama mlevi anayetafuta njia ya nyumbani, lakini moshi wa mafuta ni mnene na mweusi zaidi chini kuliko juu. Nikamtaka Mwaisumo aweke mbuzi dau, nami niweke wangu. Akasema mbuzi wangu anamfahamu, amekonda kwa kusikiliza hadithi za vita. Nikamjibu. Akanijibu. Wazee wakasogea, wengine wakaanza kukuna ndevu na kusema pengine huyu kijana ana jambo. Nilikuwa nashinda, mwanangu. Nakwambia kweli, nilikuwa nashinda vizuri sana.

Hapo ndipo Bibi Tusekile aliponiita. Alikuwa mfinyanzi wa Ikombe, mama mtu mzima, na mtumbwi wake ulikuwa umetia nanga ya jiwe karibu nasi, vyungu bado vimo ndani. Alikuwa amesimama majini mpaka magotini.

"Asajile," akasema, "una hakika kwamba ule ni moshi?"

"Nina hakika, bibi."

"Na kwamba kuna watu ndani yake?"

"Ndege haiendi yenyewe, bibi."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi chini. "Kama una hakika, mbona miguu yako ni mikavu?"

Niliitazama miguu yangu. Yeye hakuningoja. Aliinama, akakamata chungu kikubwa cha pombe, akakitupa mchangani. Kikapasuka. Akatupa cha pili.

Soko zima likageuka kutazama. Mfinyanzi wa Kikisi atakataa bei yako mchana kutwa, atarudisha vyungu vyake Ikombe akipiga kasia mwenyewe kuliko kukuuzia kwa hasara, lakini hakuna mtu pale aliyewahi kuona mfinyanzi akivunja kazi ya mikono yake mwenyewe. Wale ambao michoro yangu haikuwasadikisha walisadiki mlio wa vile vigae.

Mwaisumo aliacha wavu wake pale pale, kwenye ukingo wa mawimbi, akakimbia majini. "Bibi, ngoja, tuvishushe taratibu."

"Taratibu mmeshaimaliza ninyi wawili," akasema Bibi Tusekile, akaendelea kutupa.

Tukapanda mtumbwi wake uliobaki mtupu, mimi na Mwaisumo, yule yule niliyekuwa nataka mbuzi wake. Nyuma yetu mitumbwi mingine ikasukumwa. Watu wakatupa ndani kamba zao, na wanawake wakavua kanga za kujifunika, wakisema huko kutakuwa na wenye baridi. Tulipiga kasia kwa nguvu zote. Tulipopita rasi, harufu ya mafuta ikatufikia, na hata Mwaisumo akaacha kutazama angani akaanza kutazama maji.

Ndege ilikuwa imezamisha pua, mkia juu, mafuta yanawaka kandokando. Juu ya bawa walikuwa watu wawili: rubani Mzungu aliyevunjika mguu, na mtu wa Tukuyu aliyekuwa anarudi nyumbani kutoka migodini. Tuliwavuta ndani, tukawafunika kanga. Yule mtu wa Tukuyu alinishika mkono, akasema nami kwa Kinyakyusa, meno yakigongana. Walikuwa watatu, akasema. Kulikuwa na karani wa posta. "Alikuwa hapa. Sasa hivi tu alikuwa hapa, ameshika bega langu."

Mwaisumo alipiga mbizi, akapiga tena, mpaka midomo yake ikabadilika rangi na tukamzuia kwa nguvu. Ziwa halikumtoa karani mpaka kesho yake, kwenye mchanga wa Matema. Watu wa pale hawakumjua mama yake wala kijiji chake, lakini walimlilia kama mwana wao, wanawake wamejifunga majani ya mgomba viunoni, kwa maana kwetu maiti haizikwi kimya eti kwa sababu ni mgeni. Mimi nilikaa katikati ya wanaume, na katika msiba ule wote hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba nilisema kweli. Na nilikuwa nimesema kweli.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, lakini mimi sikuwa nangoja kwa uvivu. Nilikuwa nangoja kusadikiwa. Hilo ndilo alilolikemea Bibi Tusekile, na alilikemea kwa maneno machache kuliko haya yangu.

Baadaye walikuja wachunguzi wa ajali, wakauliza nani alisikia nini. Nikawaeleza vile vikohozi viwili, na kimya kilichofuata. Mkubwa wao aliniuliza nilijifunza wapi. Nikamwambia, chini ya ngazi. Akanichukua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: niliinama kufagia karakana, nikainama kuosha vyuma, nikainama juu ya vitabu mpaka nikainuka na stashahada. Nilipelekwa kwenye ajali nyingi za nyanda zetu za juu, za kijeshi na za kiraia. Kila mara niliwakuta wakubwa wakibishana kando ya moshi, huyu akilaumu rubani, huyu mawingu, huyu fundi. Mara nyingi ubishi ulipokwisha walikuta mimi nimeshashuka bondeni na kamba kiunoni. Ndiyo sababu nilipandishwa cheo kabla yao, na sioni haya kulisema.

Kabla Mwingereza hajaondoka nilirudi nyumbani, nimevaa suti, nikaenda Lyulilo kuwalipa walionikopesha siku ile. Mwaisumo nilimpa wavu mpya, maana wake ulichukuliwa na mawimbi tulipokuwa ziwani. Wenye kamba nikawapa kamba, wenye kanga nikawapa kanga, nyumba kwa nyumba, nikipokea "ndaga", asante ya kwetu, na mapande ya samaki. Mwisho nikafika kwa Bibi Tusekile na zawadi zangu.

Alizisukuma kando. "Wewe hukukopa kwangu. Vyungu vyangu niliwapa wale waliokuwa majini."

"Basi nikufanyie nini, bibi?"

"Udongo uko kule mteremkoni, na mgongo wangu umechoka."

Nikabeba. Udongo wa ufinyanzi ni mzito kuliko pipa la petroli, na unavuja. Nilipopita pwani na kikapu kichwani, suti imebadilika rangi, Mwaisumo alisimama kunitazama.

"Bwana Eropleni leo amekuwa punda," akasema.

"Punda mwenye stashahada," nikamjibu, nikaendelea kubeba mpaka bibi aliposema yatosha. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Sikubakiwa na deni la mtu.

Mwanangu, sikufundishi kunyamaza ukiijua kweli. Mimi mwenyewe sijawahi kunyamaza. Jivunie elimu yako, uitundike ukutani watu waione. Lakini mwenzako akiwa hatarini, usingoje umma ukubaliane nawe ndipo uanze. Anza. Atakayekusadiki atakukuta kazini, na asiyekusadiki atakuwa amepungukiwa na la kukucheka. Kushinda ubishi kuna utamu wake, naujua, ila kuna mtu mahali fulani anaulipia utamu huo kwa pumzi zake.

Nenda, na Mungu wa ziwa na milima akupe macho ya kuona mapema na mikono inayotangulia ulimi. Wakikuambia hutaweza, Mungu awape umri mrefu, wakae wakuone.