Sentensi ya Lengo, Juu ya Mawe ya Maporomoko

Padri anayetufundisha alitaka sentensi moja tu. Kabla ya kwenda kuuliza watu maisha yao, alisema, andika lengo: unataka kuelewa nini, kwa nani, wapi. Jibu usiliweke ndani. Kisha wasomee watu wenyewe. Wakikataa, hakuna uchunguzi.

Yangu niliiandika ili darasa licheke, na darasa lilicheka. Nikaenda nayo hivyohivyo kwenye maporomoko, kwa mjomba wangu mvuvi, tonton kama tunavyomwita.

Alikuwa anasuka kitega, kikapu kikubwa cha kunasia samaki, na jirani yake. Miti ya kufungia vikapu hivyo, wanayoisimika katikati ya maji makali, haisimikwi na mtu mmoja. Familia mbili hushika kamba moja. Ukimwachia mwenzako, mto unamchukua. Tonton aliwakalisha watu wa familia zote mbili juu ya mawe, akajivuna kwamba mutoto wake iko na masomo. Nikasoma, nikiiga sauti ya padri:

“Lengo langu ni kuelewa kwa nini, hapa maporomokoni, kikapu cha jirani kinajaa samaki na cha tonton kinajaa majani.”

Hakuna aliyecheka. Jirani aliweka kamba chini, polepole.

“Bon,” alimwambia tonton. “Kumbe ndivyo munasema kwako. Sisi iko wachawi, tunakuibia samaki?”

“Ndugu, sikumutuma.”

“Mutoto anaandika mambo anasikia ku nyumba.”

Mke wa jirani akaanza kukusanya vikapu vyao. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kusimika mti mpya, na tonton angeingia majini bila mkono wa kumshikia kamba. Aliniangalia. Hakunitukana, afadhali angenitukana.

Mizaha yote ilinikaukia mdomoni. Nikatoa kalamu, nikakata “kwa nini”, nikakata samaki, nikakata majani. Juu yake nikaandika upya.

“Lengo langu,” nikasoma, sasa kwa sauti yangu mwenyewe, nyembamba kama uzi, “ni kuelewa namna familia mbili za wavuvi wa maporomoko zinavyofanya kazi pamoja, kwa maneno yao wenyewe.”

“Soma tena,” jirani alisema.

Nikasoma tena.

“Na majani iko wapi?”

“Nimeyatoa, papa.”

“Donc, basi, utauliza nani wa kwanza?”

“Wewe, papa. Ukikubali.”

Jirani aliinama, akaokota kamba, akamtupia tonton ncha moja.

“Kesho asubui mutoto akuje,” alimwambia. “Ashike hapa katikati. Akishika muzuri, aulize.”