Zamu ya Fundi Vioo

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, mlango wa ukumbi ulifunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Mashine ziliwashwa saa tatu ili zipate joto, majina yakaitwa saa nne kasorobo, na saa nne kamili gololi ya kwanza ikarushwa. Aliyefika kabla ya mlango kufunguliwa alikuwa mtu mmoja tu. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, mkoba magotini na taulo dogo jeupe limekunjwa juu ya mkoba. Mwanamke wa miaka arobaini na sita ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Vioo, kwa kuwa ndiye aliyekata na kufunga vioo vya madirisha, vya makabati na vya fremu za picha. Ndani ya ukumbi ule, hata hivyo, alikuwa na jina jingine. Walimwita Bado Kidogo.

Ukumbi wenyewe upo ghorofani, juu ya karakana ya samani, na harufu ya vanishi hupanda ngazi pamoja na wageni. Una mashine kumi na moja za pinboli: meza zilizoinama, zenye miguu minne na kioo juu, ambamo gololi ya chuma hurushwa kwa springi, ikagonga taa na vigingi na kuleta pointi, kisha ikateremka kuelekea shimo lililo chini. Mchezaji ana vitufe viwili tu, kimoja kila ubavu wa meza, vya kuchezesha vibawa viwili vinavyoirudisha gololi juu. Ikipita katikati ya vibawa, imemezwa. Kila mtu hupewa gololi tatu. Inaruhusiwa kuisukuma meza kidogo ili gololi ibadili njia, lakini ukizidisha, mashine huzima vibawa vyote na kukuacha umesimama kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Wenyewe husema mashine imesusa.

Miaka saba kabla ya Jumamosi ile, Fundi Vioo aliitwa ukumbini kufunga kioo kipya, baada ya mtu kutua kreti ya soda juu ya kile cha zamani. Alipomaliza, mwenye funguo alimwomba ajaribu gololi moja, waone kama haigusi kioo. Haikugusa. Kesho yake alirudi bila kuitwa, akasema anataka kuhakikisha tena. Tangu hapo, kila Jumanne na Alhamisi, akishafunga karakana yake, alipanda ngazi zile na kufanya zoezi moja lile lile: kuituma gololi kutoka kibawa cha kushoto hadi kwenye njia ya kupanda iliyo upande wa kulia, mara baada ya mara, hata waliokuwa jirani wakachoka kwa niaba yake. Mumewe, fundi bomba, hakuwa na kinyongo. Jirani akimuuliza mkewe yuko wapi, hujibu, "Kaolewa mara ya pili. Mume mwenzangu ana miguu minne, na haombi chakula."

Mashindano ya mji hufanyika mara moja kwa mwaka. Washiriki hugawanywa katika makundi ya watu wanne. Wawili huvuka kwenda raundi ya pili, wawili hurudi nyumbani. Fundi Vioo alikuwa ameshiriki mara sita, na mara zote sita alikuwa wa tatu. Angekuwa wa nne, angecheka na watu yakaisha. Huyu wa tatu ndiye aliyemnyima usingizi.

Jambo jingine hakulisema. Miaka minne nyuma alimleta wifi yake, mdogo wa mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, aje amshikie mkoba tu. Wifi alijaribu gololi moja, kisha nyingine, na katika mwaka wake wa pili alibeba kombe. Mwaka uliofuata akalibeba tena. "Kumbe hiki kitu ni chepesi, wifi," alisema siku ile, na Fundi Vioo akatabasamu kwa adabu.

Usiku wa kuamkia mashindano alimwambia mumewe, "Mwaka huu navuka raundi ya kwanza."

"Na usipovuka?"

"Nitavuka mwakani. Lakini mwaka huu navuka."

Kura ilimweka kundi moja na wifi yake, kinyozi wa mtaa wa pili, na mwalimu wa hesabu aliyecheza huku akihesabu kwa midomo. Kila kundi lilicheza michezo mitatu. Wifi alishinda miwili ya mwanzo, akawa amevuka tayari. Kinyozi alikuwa wa mwisho katika yote miwili, na kwa moyo mweupe kabisa alikuwa ameshaanza kula. Ilibaki nafasi moja baina ya Fundi Vioo na Mwalimu: atakayemzidi mwenzake pointi katika mchezo wa tatu ndiye atakayevuka.

Kwa desturi ya ukumbi ule, katika wanaogombea, aliyeshindwa mchezo uliopita ndiye anayechagua mashine. Mchezo wa kwanza Fundi alikuwa amemzidi Mwalimu, na wa pili Mwalimu akamzidi Fundi. Kwa hiyo ilipofika saa saba, Fundi Vioo aliipita mashine moja baada ya nyingine hadi ukutani, akasimama mbele ya ile wanayoiita Mkwe. Iliitwa hivyo kwa sababu haikutaka mchezo na mtu; ukiisukuma kwa nguvu ya kufungia droo tu, imesusa.

"Dada," alisema Kinyozi, "mashine zote hizi, ukamwendea Mkwe?"

"Tunaheshimiana."

"Haya. Msalimie kwanza, asije akasema hukulelewa."

Walipangwa hivi: Kinyozi wa kwanza, Mwalimu wa pili, Fundi Vioo wa tatu, Wifi wa nne. Baada ya gololi mbili mbili, Mwalimu alikuwa na pointi milioni ishirini na sita, Fundi kumi na saba. Gololi ya tatu ya Mwalimu ilikaa juu muda mrefu kuliko alivyotarajia mwenyewe, ikamfikisha milioni arobaini na moja. Hapo akamsukuma Mkwe kwa furaha, na Mkwe akasusa. Mwalimu akarudi nyuma, akafuta miwani yake kwa ncha ya shati.

Fundi Vioo alikuwa na mazoea ya kukausha viganja kwa taulo kabla ya kila gololi na baada yake. Alikwenda dirishani kwenye mwanga, akawapa watu mgongo, akafuta kidole kimoja kimoja. Alihitaji zaidi ya milioni ishirini na nne kwa gololi moja. Aliwahi kuzipata mazoezini. Hakuwahi kuzipata siku ambayo zilihitajika.

Wakati huo Wifi, aliyekuwa ameipa mashine kisogo, alikuwa akimalizia kumsimulia Kinyozi kisa cha mgonjwa aliyeshuka kwenye gari la wagonjwa, penye foleni, akanunue vocha. Alipogeuka alimwona wifi yake dirishani, taulo mkononi, na Mkwe hana mtu. Akaona ni wazi kwamba Fundi keshamaliza. Akaenda, akavuta springi, akaachia.

Fundi Vioo aliisikia springi ikirudi. Akageuka taratibu, kama mtu aliyesikia kioo kikipasuka chumba cha pili.

"Simama," alisema Mwalimu. "Hapo hapo. Taa inayowaka ni ya namba tatu."

Wifi hakushtuka mikono. Aliipokea gololi kwenye kibawa cha kushoto, akakiinua na kuishikilia pale, imetulia. Uso ndio uliobadilika.

"Wifi, si umeshacheza?"

"Sijacheza."

Mwamuzi alikuja akipangusa makombo kifuani. Siku za kawaida alikuwa mwokaji mikate, na hata kwenye uamuzi alizungumza kama mtu anayechunga kisiungue. "Mtu asiguse kitu. Wewe shikilia hivyo hivyo." Kisha akaitamka kanuni ili wote wasikie. Aliyecheza zamu ya mwenzake anapata sifuri katika mchezo huo. Aliyechezewa zamu yake anachagua neno moja kati ya mawili. Akisema nipe, anaipokea gololi ilipo na kuendelea nayo. Akisema endelea, aliyekosea anaicheza mpaka imezwe, na pointi zote ni za mwenye zamu.

Namba za Fundi zilisomeka milioni kumi na tisa. Kila aliyekuwa pale alielewa hesabu yake. Wifi angeweza kupata milioni thelathini kwa Mkwe huku akisimulia kisa kingine.

"Dada, sema endelea, twende tukale," alisema Kinyozi.

"Wewe umekula tangu saa tano," Mwamuzi akamjibu.

Mwalimu alikohoa. "Nauliza bila ubaya. Huyu keshavuka, sifuri haimuumizi. Na ni wifi yake."

"Unasema nimefanya makusudi?"

"Sijasema makusudi. Nimesema wifi."

"Mwalimu, laiti nisingekuwa nimeshika hiki kitufe." Kisha Wifi akainamisha kichwa upande wa Fundi, akashusha sauti. "Haki ya Mungu sikukusudia. Lakini limeshatokea, litumie. Miaka sita, wifi. Acha nikupeleke mara moja tu. Na uamue, kidole kinakufa ganzi."

Fundi Vioo alitazama gololi kupitia kioo. Ilikuwa halali. Hakuna ambaye angeweza kumpokonya. Saa tisa angekuwa raundi ya pili, na jina lake lingeandikwa ubaoni kama majina mengine. Akajiona jioni, nyumbani, mumewe akiuliza ilikuwaje, naye akijibu, wifi alinichezea. Aliijaribu sentensi hiyo kimoyomoyo, akaona haishuki. Kazini kwake mstari wa almasi ya kukatia hupigwa mara moja juu ya kioo, na kioo kikikatika vibaya haulizwi mwingine ila aliyeshika almasi. Ndivyo alivyopenda iwe.

"Nipe," alisema.

Gololi haikuwahi kukabidhiwa hivyo ukumbini mule, na hakuna aliyejua mikono hukaaje. Fundi alisogea ubavuni mwa wifi yake mpaka mabega yakagusana, akaweka kidole chake juu ya kidole kilichobonyeza kitufe.

"Nimebonyeza," alisema. "Chomoa chako taratibu, kama uzi kwenye sindano."

"Ukiachia ni balaa."

"Siachii."

Kibawa kilitetemeka. Gololi ikabingirika upana wa punje ya mchele, ikarudi ilipokuwa. Wifi akatoka upande wa pili akiwa ameshika kidole chake kama kimeungua.

Fundi Vioo aliiachia gololi iteremke kibawani, akaipiga. Ikapanda njia ya kulia bila kugusa ukingo; milioni nne zaidi, jumla ishirini na tatu. Ikazunguka nyuma, ikarudi kushoto kama ilivyorudi Jumanne zote zile. Akapiga tena. Ishirini na saba. Tena. Watu waliokuwa kwenye mashine nyingine waliacha kucheza. Thelathini na moja. Thelathini na tano. Mwalimu alikoma kuhesabu kwa midomo. Thelathini na tisa, na imebaki safari moja.

Mara ya sita aliipiga gololi ikiwa imeteremka kupita mahali pake, kiasi ambacho jicho la kawaida lisingeona. Iligonga ukingo wa njia, ikarudi wima katikati. Alimsukuma Mkwe kwa nyonga, kidogo mno, na Mkwe hakususa. Gololi ikapita vilevile, ikamezwa.

Kinyozi alifungua mdomo, jina likiwa ulimini. "Bado..." alianza, kisha akaufunga.

Mwalimu alimpa mkono, akaongeza na wa pili juu yake. "Fundi, nilikuwa nimeshaanza kutafuta koti langu."

Wifi alimfuata hadi kwenye ngazi. Alikuwa amekasirika kweli, kwa namna ya mtu ambaye zawadi yake imerudishwa bila kufunguliwa.

"Ungesema endelea, saa hizi ungekuwa ndani."

"Wewe ndiye ungekuwa ndani," alisema Fundi Vioo. "Mara mbili."

Wifi alikunja na kukunjua kidole chake kilichokufa ganzi. "Umeniudhi," alisema.

"Udhika, lakini saa tisa uwe umekausha mikono. Na usinitazame kwa huruma hivyo, unanichosha."

"Utakuja mwakani?"

"Nitakuja Jumanne. Lile pigo la sita nilichelewa. Nataka kujua ni kwa nini."

Jumanne alikuja. Alhamisi pia. Wifi naye, akitoka zamu yake kazini, alianza kupitia ukumbini na kusimama pembeni mwa Mkwe. Alijaribu kumpa wifi yake ushauri juu ya namna ya kusimama, akaambiwa akitaka kusaidia aende kwenye mashine nyingine, acheze kwa nguvu zote, na amtangazie alichopata. Basi jioni nyingi watu wa karakana ya chini walisikia mwanamke mmoja akipaza sauti kutaja mamilioni, na mwingine akijibu tu, "Nimesikia."

Mwaka mmoja baadaye, katika mashindano yale yale, Fundi Vioo alivuka raundi ya kwanza akiwa wa pili katika kundi lake. Raundi ya pili kura ilimkutanisha na wifi yake, ambaye alimfunga michezo yote mitatu.