Ng'ombe wa Mama na Hisa za Baba

Nilianza na akaunti moja, yangu mwenyewe, na wakati huo nilijiona mjanja. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Sumbawanga, nafundisha jiografia, na dalali wangu wa hisa yuko Dar es Salaam, mtu ambaye hadi leo sijamwona kwa macho. Nikitaka kununua natuma oda kwa simu, pesa inakwenda, kisha ujumbe unarudi kwamba hisa zimeingia. Niliona ni nafuu kuliko kununua mahindi sokoni, maana hakuna kubishana kama debe limejaa au halijajaa.

Halafu baba akafariki. Aliacha hisa za kampuni ya saruji, alizonunua akiwa bado kazini. Mirathi ilipokwisha ziliandikwa jina la mama, zikabaki kwa dalali wa baba, ambaye si dalali wangu. Mama anaishi Malangali, analima mahindi na ulezi. Nyumbani tunaongea Kifipa, lakini tulipofika kwenye neno hisa sote wawili tulihamia Kiswahili, na hata hapo hatukuelewana vizuri. "Wewe ndiye unayajua hayo," akaniambia. "Shika tu."

Kaka yangu, anayefanya biashara ya mpunga kule Muze, aliposikia naye akafungua akaunti, kwa dalali mwingine kabisa aliyeelekezwa na rafiki yake. Mtandao ulimsumbua kule Muze bondeni, akaniomba nimsimamie. Hivyo nikajikuta na madalali watatu, na kila mmoja alikuwa na utaratibu wake na nywila yake. Mara mbili nilifungiwa akaunti ya mama kwa kuingiza nywila ya kaka.

Mvua zilipokaribia, mama aliniita. Ng'ombe wake wa kulimia walikuwa wamezeeka.

"Uza zile za baba yako," akasema. "Nataka maksai wawili wenye nguvu."

"Zote, mama?"

"Zote. Haziwezi kuvuta jembe."

Nikatuma oda ya kuuza. Wiki hiyohiyo kaka akapiga simu akiwa na pesa ya mpunga mkononi. "Mdogo wangu, ninunulie zile za saruji, idadi kama aliyokuwa nayo baba. Baba alizipenda zile, alijua kitu." Nikatuma oda ya kununua. Sikumwambia kwamba mama anauza, kwa sababu mama alikuwa amenikataza. Hakutaka maneno. Na sikuona shida yoyote. Kichwani mwangu soko la hisa lilikuwa kama gulio kubwa, watu wamejaa, huyu anauza huku na yule ananunua kule, hawajuani.

Nilikuwa kwenye ofisi ya walimu, nimejifunika shuka kwa baridi ya asubuhi, ujumbe ulipoingia. Oda ya kuuza imekamilika. Kabla sijaweka simu chini ukaingia mwingine: oda ya kununua imekamilika. Kampuni ileile, idadi ileile, bei ileile. Nikadhani nimekosea akaunti, nimeuza na kununua zangu mwenyewe. Nikafungua ya kwangu. Haikuguswa.

Nikampigia dalali wa mama, dada mwenye sauti ya upole. "Aliyenunua ni nani?"

"Mwalimu, hilo siruhusiwi kukuambia."

Nikampigia dalali wa kaka. Huyu alikuwa mwanamume wa maneno machache. Nikamweleza ninachoshuku, kwamba kaka amenunua zilezile alizouza mama.

"Hao wawili wanafahamiana?"

"Ni mama na mwanawe."

"Walipanga?"

"Hapana. Hawajui kitu."

"Oda walitoa wenyewe?"

"Nilitoa mimi."

"Zote mbili?"

Nilipojibu ndiyo, akasema ngoja, nitakupigia. Nikaenda darasani kufundisha pepo, nikachora mishale ubaoni, na mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa adabu kwa nini upepo wangu unatoka pande zote. Nikafuta. Niliwaza polisi, nikawaza kazi yangu. Sikujua hata kosa langu linaitwaje.

Alipiga mchana. Akanieleza kwamba watu wakiuziana wenyewe kwa wenyewe kwa makusudi, ili kupandisha bei, hilo ni kosa. Hapa kila mmoja alitaka chake, na bei ilikuwa ya soko. "Ila siku hizo hakukuwa na muuzaji mwingine, wala mnunuzi mwingine," akasema. "Mmekutana." Tangu siku ile, kila mwenye akaunti angetoa oda mwenyewe, au alete barua ya kuniruhusu.

Kaka alipopanda kutoka Muze, tulikaa jikoni kwa mama, nikawaambia yote. Kaka alishika kichwa.

"Kwa hiyo nimemnunulia mama ng'ombe?"

"Hapana. Umenunua hisa."

"Kwa pesa iliyonunua ng'ombe."

"Ndiyo."

"Na madalali wote wawili wamekula kamisheni? Si ningempa tu mkononi!"

Mama alikuwa anasonga ugali wa ulezi, hakugeuka. "Sasa mimi nimeuza au sijauza?"

"Umeuza, mama."

"Lakini ziko humuhumu ndani."

"Ziko kwa kaka."

"Ndiyo nasema, humuhumu."

Nilieleza tena, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mimi mwenyewe nilivyopotea. Kila mtu alipata alichotaka, hakuna aliyeibiwa, na bado tulikaa pale kama watu waliopoteza kitu. Mwishowe mama akaepua sufuria, akasema gawio la faida likitoka kaka amletee mbolea, kwa kuwa hisa ni za marehemu. Kaka akasema hisa ni zake, kazilipia. Kisha akasema sawa, ataleta.

Maksai wapo, wanalima. Mama huwaambia majirani kwamba amenunuliwa maksai hao na mwanawe. Kaka, akiulizwa Muze, husema hisa zake amezirithi kwa baba. Akaunti ya mama sasa ni tupu, lakini hataki niifunge, na nikimuuliza sababu ananijibu kwa Kifipa, haraka, kwamba hisa za baba bado ziko humuhumu, kisha anaondoka kwenda shambani.